Seneti ya chuo kikuu: nani hasa huamua kama mtoto wako atahitimu?

Msimu wa mahafali ukikaribia, simu yangu haipoi. Mzazi wa Likoni ataka kujua kwa nini jina la bintiye halimo katika orodha ilhali karo imelipwa yote. Kijana wa Msambweni ameambiwa "matokeo yako yanasubiri Seneti", na hajui Seneti ni mtu, ni ofisi au ni mashine. Mwingine ameshauriwa amwone Chansela, kana kwamba Chansela hukaa pale getini na mhuri mkononi. Nilifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa idara, cheo kilichonipa kiti katika Seneti ya chuo nilichokuwa. Nimeona heri niyaandike mambo haya mahali pamoja, anayeuliza apate pa kusoma.

Tuanze na sheria. Vyuo vikuu vyote vya Kenya, vya umma na vya kibinafsi, viko chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kila chuo cha umma kilikuwa na sheria yake: Nairobi yake, Moi yake, Kenyatta yake. Sheria hiyo mpya ilizifuta zile za zamani, ikaviweka vyuo vyote chini ya mwavuli mmoja na kuunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ivisimamie. Kila chuo hupewa hati ya idhini, ile watu huita chata, kisha hujitungia kanuni zake, yaani statuti, ambazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor vilipata chata mwanzoni mwa 2013. Taita Taveta ikafuata mwaka 2016.

Chata hiyo haimpi mtu mmoja chuo. Huyagawa mamlaka kwa vyombo vitatu, na kila chombo kina mambo yake.

Baraza, Bodi na Seneti

Cha kwanza ni Baraza la Chuo. Kwetu Pwani neno baraza lina utamu wake: ni kile kibao cha mawe nje ya nyumba, watu wakaketi baada ya alasiri, kahawa na haluwa, na mpita njia yeyote akakaribishwa. Baraza la chuo kikuu si la namna hiyo. Katika chuo cha umma ni watu tisa. Mwenyekiti na wanachama watano huteuliwa na Waziri wa Elimu, Katibu wa Wizara inayosimamia vyuo vikuu ana kiti, Katibu wa Hazina ya Taifa ana kiti, na Naibu Chansela huingia kwa cheo chake na kuwa katibu wa kikao. Hawa ndio waajiri. Huajiri wafanyakazi, hupitisha bajeti, huidhinisha sera na statuti, na mali ya chuo iko mikononi mwao. Mtu akikuambia ardhi ya chuo imekodishwa au bweni jipya litajengwa, muulize Baraza lilisema nini. Chuo cha kibinafsi hupanga Baraza lake kwa mujibu wa chata yake, na aghalabu nyuma ya Baraza hilo huwa na mwenye chuo, liwe shirika la dini au kampuni, ambaye neno lake ni zito.

Cha pili ni Bodi ya Usimamizi: Naibu Chansela, wasaidizi wake wakuu na maafisa wanaoshika fedha na utumishi. Bodi ndiyo jikoni. Mishahara, maji, umeme, ulinzi, basi la chuo kuharibika Mazeras, yote huanzia hapo.

Cha tatu ni Seneti, na ndiyo niliyoitiwa simu. Seneti ni mkutano mkuu wa walimu wa chuo kuhusu elimu yenyewe. Mwenyekiti wake ni Naibu Chansela. Ndani yake huwamo manaibu wake, wakuu wa vitivo, wakurugenzi wa taasisi, wenyeviti wa idara, mkuu wa maktaba, wawakilishi wa walimu na wawakilishi wachache wa wanafunzi. Msajili anayehusika na masomo huwa katibu. Idadi hutofautiana chuo hadi chuo kwa kufuata statuti. Chuo kikubwa Seneti yake hujaza ukumbi, chuo kidogo yaweza kuketi meza moja ndefu. Yaliyomo mikononi mwake ni haya: nani aingie chuoni na kwa alama gani, afundishwe nini, atahiniwe vipi, afaulu kwa kiwango gani, na atunukiwe shahada ipi. Pia ndiyo hukaa juu ya kalenda ya masomo, na kesi za udanganyifu wa mtihani huishia kwake.

Na Chansela je? Chansela ni heshima zaidi kuliko madaraka. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi ambapo Rais wa nchi alikuwa Chansela wa kila chuo cha umma, na siku ya mahafali ilikuwa siku ya msafara wa magari. Mwaka 2003 Rais Kibaki alianza kuwapa watu wengine nafasi hiyo, akianza na Joe Wanjui pale Nairobi. Leo Chansela huvaa joho, hutamka maneno ya kutunuku shahada, na hutoa ushauri. Jina la mwanao halitoki kwake. Analitunuku kwa sababu Seneti imeshalipitisha.

Wageni pia hukanganywa na vyeo. Naibu Chansela si msaidizi wa mtu. Ndiye mwenye usukani wa chuo kila siku. Kisha ana manaibu wake, na hao ndio manaibu wa Naibu. Kiswahili hakina hatia hapa, tulirithi vyeo hivi kutoka Uingereza na vikaja na mizigo yake.

Tulikotoka

Urithi huo wa Kiingereza una maana katika hadithi hii. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, wanafunzi wa Afrika Mashariki walisomea Kampala lakini shahada zilikuwa za London, na Seneti ya London ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho juu ya mitaala na mitihani. Nairobi ikapita njia hiyohiyo, na Dar es Salaam ilipofungua milango mwaka 1961 vilevile. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kwa nchi tatu, na kilipovunjwa mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chuo chake na Seneti yake. Wazee waliosoma wakati ule hawakulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Kuwa na Seneti yako ni kuwa na haki ya kusema wewe mwenyewe, huyu amejua na huyu bado.

Sisi wa Pwani tumeyaonja hayo karibuni zaidi. Shule ile ya Tudor iliyoanza kama taasisi ya Kiislamu ya elimu ya ufundi, ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa mwaka 1966 na Politekniki mwaka 1972, ilipandishwa mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwaka huohuo Kilifi, palipokuwa na taasisi ya kilimo, pakawa chuo kishiriki cha Kenyatta. Miaka hiyo yote mpaka 2013, kijana wa Kisauni aliyesomea digrii Tudor matokeo yake yalipitishwa Juja, na wa Kilifi ya kwake yalipitishwa Kahawa. Chata ya 2013 iliileta Seneti nyumbani. Naona jambo hili halikushangiliwa kama lilivyostahili. Watu walishangilia jina jipya langoni.

Wale wanaosoma katika kampasi za Mombasa za vyuo vya bara bado wako katika hali ile ya zamani. Kampasi haina Seneti. Mwanafunzi aweza kukaa Mombasa miaka minne, lakini mtaala wake, mtihani wake na kuhitimu kwake vinaamuliwa katika kikao ambacho mwalimu wake wa hapa huenda hana kiti. Si kosa, ndivyo sheria ilivyo. Lakini mzazi anayemwandikisha mtoto lazima ajue barua yake ya malalamiko itasafiri umbali gani.

Safari ya alama

Sasa hili la orodha ya mahafali. Mtihani wa chuo kikuu haumalizwi na mwalimu kusahihisha. Kwanza maswali yenyewe hukaguliwa na wenzake katika idara, na pia na mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine aliyeteuliwa kuja kuangalia kama kiwango ni sawa. Baada ya kusahihishwa, alama hupelekwa kwenye kikao cha watahini cha idara. Hapo ndipo huulizwa: mbona darasa zima limepata alama za juu? Mbona mtu huyu amefaulu masomo saba na la nane halina kitu? Kikitoka hapo, kitivo hukaa. Kikitoka kitivoni, huenda Seneti. Mpaka Seneti iseme ndiyo, matokeo yote aliyoyaona mwanafunzi kwenye tovuti ya chuo ni ya muda tu, na yaweza kubadilishwa.

Katika Seneti hakuna anayesoma jina moja moja la mwanafunzi. Mkuu wa kitivo husimama na karatasi zake: waliofaulu wangapi, wanaorudia mtihani wangapi, wanaorudia mwaka wangapi, waliosimamishwa, waliokufa. Naam, waliokufa pia huwa na safu yao, na ni mstari ambao sijawahi kuusikia ukisomwa bila ukumbi kunyamaza. Wawakilishi wa wanafunzi huwa wameombwa kutoka nje kwa sehemu hii, kwa kuwa alama za watu ni siri. Kisha Seneti hupitisha, na siku hiyo ndiyo shahada inakuwa shahada, hata kabla ya joho kuvaliwa.

Alama zinapopotea, basi, hazipotei katika Seneti. Hupotea chini, mapema. Pengine mwalimu wa muda hajalipwa miezi mingi na ameondoka na karatasi zake. Pengine mwanafunzi aliandika nambari ya usajili kimakosa, au alikaa mtihani bila kujisajili kwa somo lile, au alikuwa na deni la karo wakati huo na jina lake halikuwa katika orodha ya chumba. Pengine mwalimu aliingiza alama za majaribio na kusahau za mtihani. Nilipokuwa mwenyekiti, idara yetu iliwahi kupokea kijana wa Kwale aliyekosa alama ya somo moja la mwaka wa pili. Alikwisha kuwa wa mwaka wa nne. Mwalimu aliyemfundisha alikuwa ameshahamia nchi nyingine. Ofisi moja ilimtuma nyingine, nyingine ikamrudisha ya kwanza, kwa miezi mitano. Tuliuliza karatasi ya mahudhurio ya mtihani, ile mwanafunzi hutia sahihi akiingia chumbani, na jina lake lilikuwapo. Ikalazimu kuitafuta karatasi yake ya majibu ghalani, ikapatikana katika fungu la kozi nyingine, ikasahihishwa. Alihitimu mwaka mmoja baada ya wenzake. Mwaka mmoja kwa familia iliyouza mnazi na ng'ombe si mchezo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Nisemalo kwa wazazi na vijana ni hili: usingoje mwaka wa nne. Kila muhula ukiisha, mwanafunzi akague masomo yote yana alama. Ikikosekana moja, aandike barua kwa mwenyekiti wa idara, si kumfuata mwalimu kwa maneno tu, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua ya pili iende kwa mkuu wa kitivo, ya tatu kwa msajili wa masomo. Aweke pia kadi ya mtihani na risiti. Akiwa anapinga alama aliyopewa, aombe isahihishwe upya katika muda uliowekwa na kanuni za chuo chake. Muda huo huwa mfupi, na ukipita hata Seneti huwa imefungwa mikono na kanuni zake yenyewe.

Na kama ni kesi ya nidhamu? Hapo Seneti au kamati yake hukaa kama hakimu, na Katiba yetu, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki. Mwanafunzi apewe mashtaka kwa maandishi, apewe muda wa kujitayarisha, asikizwe. Mahakama zetu kwa kawaida hukataa kuingilia kama mtu alistahili alama ya A au ya C, jambo hilo wamewaachia walimu. Lakini chuo kikimfukuza mtu bila kumsikiza, majaji hawasiti kuufuta uamuzi.

Kozi mpya huzaliwaje

Jambo jingine la Seneti ni mitaala. Kozi mpya huanzia idarani. Huandikwa, huulizwa waajiri na wataalamu wa nje, hupelekwa kitivoni, kisha kwenye kamati ya Seneti, kisha Seneti kamili, na mwisho Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huikagua na kuipa ithibati. Kwa taaluma kama uhandisi, sheria au uuguzi, kuna bodi za taaluma pia, na bodi hizo na vyuo vimevutana mahakamani miaka mingi juu ya nani mwenye neno la mwisho. Anayeumia katika mvutano huo ni kijana aliyemaliza miaka mitano ya uhandisi na bodi ikakataa kumsajili.

Hapa nitasema nilichokiona. Seneti inaweza kuwa chujio na inaweza kuwa mhuri. Niliwahi kukaa katika kikao ambapo kozi nzima ya shahada ilipitishwa kwa dakika chache, jioni, watu wamechoka, wakati idara iliyoileta ilikuwa na walimu wawili wa kudumu. Mwenzangu mmoja aliuliza nani atafundisha. Akajibiwa kwamba walimu wataajiriwa. Walimu hao hawakuajiriwa kwa sababu bajeti ni ya Baraza, si ya Seneti, na Baraza halikuwa na pesa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kugawana mamlaka: chombo kimoja huahidi, kingine ndicho kishikacho mfuko. Chuo kinachoendeshwa vizuri ni kile ambacho karatasi ya kozi mpya haifiki Seneti bila karatasi ya fedha kuambatanishwa nayo.

Mtu mmoja, viti vitatu

Ukiyatazama kwa makini niliyoyaeleza utaona Naibu Chansela yuko kila mahali. Seneti anaiongoza yeye. Bodi ya Usimamizi anaiongoza yeye. Katika Baraza yeye ni katibu. Wakuu wa vitivo, ambao zamani katika baadhi ya vyuo vyetu walipigiwa kura na walimu wenzao, siku hizi vyuo vingi hutangaza nafasi hizo na kuwafanyia watu usaili, yaani mteuaji yuko juu yao. Mtu aliyepewa cheo na mwenyekiti wa kikao atampinga mwenyekiti huyo mbele ya watu mia? Wapo, nimewaona, lakini si wengi. Sheria za zamani za vyuo, pamoja na ubaya wake wote wa enzi ya chama kimoja, zilikuwa na viti katika Baraza kwa wawakilishi wa Seneti, wa walimu na wa wanafunzi. Sheria ya 2012 ilipolipunguza Baraza kuwa watu tisa, viti hivyo vikaondoka. Ilidhaniwa Baraza dogo litafanya kazi upesi. Kwa maoni yangu tulinunua wepesi kwa bei kubwa mno.

Marekani, ambako neno hili la utawala wa pamoja limepata umaarufu, mpango ni mwingine. Seneti yao kwa kawaida ni ya walimu wenyewe, waliochaguliwa na walimu, na mwenyekiti wake ni mwalimu kama wao, si mkuu wa chuo. Mwaka 1966 chama cha maprofesa cha nchi hiyo, pamoja na jumuiya ya vyuo na jumuiya ya bodi za vyuo, walitoa tamko lililokuja kuwa kama mwongozo: mtaala, ufundishaji, utafiti na kuajiriwa kwa walimu ni jukumu la walimu kwanza, na bodi ikiwakatalia, iwe kwa nadra na kwa sababu zilizoelezwa. Lakini uhuru huo una upande wake dhaifu. Seneti ya kule mara nyingi ni ya kushauri tu. Haina nguvu ya sheria kama yetu. Ikimkasirikia mkuu wa chuo hupiga kura ya kutokuwa na imani naye, na bodi ikitaka humwacha palepale. Na mwaka 2025 jimbo la Texas lilipitisha sheria iliyozibana seneti za vyuo vyake vya umma na kuzifanya ziwepo kwa hiari ya bodi. Wenye Seneti huru isiyo na meno, na wenye Seneti yenye meno isiyo huru: sijui nani amwonee wivu mwenzake.

Serikali nayo haiko mbali. Mwezi Januari 2020, baada ya usaili uliosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma, Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimteua Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela. Siku chache baadaye Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, ambaye mwenyewe aliwahi kushika cheo hicho pale pale, aliubatilisha uteuzi na kulivunja Baraza. Mambo yakafika mahakamani, na mwishowe Kiama akabaki kazini. Swali lililobishaniwa lilikuwa rahisi kulitamka: mwenye kuteua ni Baraza, ni Tume, au ni Waziri? Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 kuileta Tume ya Utumishi wa Umma katika usaili, na tangu hapo kila uteuzi mkubwa huwa na wanasheria mlangoni. Seneti, yenye watu watakaofanya kazi na mteuliwa huyo kila siku, haikuwa na kura katika mzozo ule.

Wanafunzi na vyama

Wanafunzi wana baraza lao lililotajwa katika sheria. Zamani mwenyekiti wao alipigiwa kura na chuo kizima, na kampeni zilikuwa za magari na fulana. Marekebisho ya mwaka 2016 yalibadilisha hilo: yalitaka kila kitivo au idara ichague wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wachague viongozi, ambao wangekaa mwaka mmoja na wasingeweza kuchaguliwa tena zaidi ya mara moja. Wapo wanaosema vurugu zimepungua. Mimi naona pia ni rahisi zaidi kuwanunua wajumbe mia kuliko wanafunzi elfu kumi.

Watu pia huchanganya Seneti na chama cha wahadhiri. Chama ni cha mishahara na masharti ya kazi, na kina historia ngumu: kile cha awali kilipigwa marufuku mwaka 1980, jaribio la miaka ya 1990 likaishia kwa walimu kufukuzwa, na usajili ukapatikana mwaka 2003. Mgomo ukiitwa, si Seneti iliyouita. Lakini mgomo ukiisha ni Seneti inayokaa kupanga kalenda upya, wiki ngapi zifidiwe na mtihani uwe lini. Mwanafunzi anayeuliza "tunarudi lini?" basi asubiri tangazo la Seneti, si mazungumzo ya mtandaoni.

Anayetaka kujua zaidi kuhusu chuo cha mwanawe aombe vitu viwili: statuti za chuo na kanuni za mitihani. Vyuo vingi huziweka kwenye tovuti zao. Zisipokuwapo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuziomba kwa maandishi kwa taasisi ya umma, bila kueleza sababu, na afisa anatakiwa kujibu katika siku 21. Akinyamaziwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ijulikanayo kama Ombudsman. Barua iandikwe kwa Naibu Chansela, nakala kwa msajili wa masomo, tarehe iwe juu, na nambari ya usajili ya mwanafunzi isisahauliwe.